Mashua Munane za Albertine

Kindu, Alunguli, siku ya Mungu 11 Agosti 1974

Shemeki Geneviève,

Miye niko muzima. Kilio imeisha, watu wamerudia kwao, mikeka iko nyuma ya nyumba. Nilipaka chokaa ndani, ukuta zote ine. Nyumba inanuka chokaa, hainuke tena watu.

Nakuomba vitu viwili.

Cha kwanza, Mado. Siku ya maziko ulimubeba, ukasema ni juu ya kilio tu, mutoto wa miaka saba asilale chini kati ya wamama wenye kulia. Nilisema ndiyo. Sasa miezi tano imepita. Shule inafungula mwezi wa tisa. Umurudishe.

Cha pili, picha za dada yako. Unazijua, zile mashua za bahari, munane. Albertine alipokufa wamama walizigeuza uso ku ukuta, kama vile tunafanyaka mu nyumba ya kilio, halafu wakazitosha wakazirundika mu chumba pamoja na viti. Sasa nataka kuzirudisha pa fasi yake na sijue ipi ilikuwa wapi. Miye njo nilikata mbao za kuzizunguka. Miye njo nilipiga misumari. Na sijue. Miaka kumi na ine nilikuwa naingia mu ile nyumba, nakula, nalala, natoka. Sikuangalia. Sasa hata alama haiko, chokaa yangu imefunika. Nilitosha misumari yote nikaziba mashimo na udongo, nilifikiri ni usafi.

Nimezipanga kwa ukubwa. Haiko vile. Nimezipanga kwa miaka zilifika. Haiko vile. Nikiingia, moyo unasema hii ni nyumba ya mwengine. Natoka, natembea mpaka ku mayi ya mutoni, narudia, natosha misumari, napiga tena. Jirani wanauliza Kitenge anajenga nini kila siku.

Weye ulikaa hapa juma tatu mwaka jana. Niandikie tu: karibu na mulango ilikuwa gani, ikafuata gani.

Barua natia mu mukono wa Paulin, ule anayefanya kazi mu treni. Jibu umupe yeye.

Kitenge


Kibombo, 20 Agosti 1974

Baba Mado,

Salamu mingi katika jina la Bwana wetu. Hapa tuko salama. Bwana yangu Edouard anakohoa tu kama kawaida yake, na tunafyeka shamba ya mupunga mbele mvua haijaanza. Mado amenenepa. Anajua sasa kutwanga, na siku ya Mungu anaimba na watoto wa parokia. Usihangaike juu yake.

Juu ya zile picha, siko muntu wa kukuambia ipi ilikuwa wapi. Lakini kwa kuwa umeanza weye mwenyewe, ngoja nikuambie maneno niko nayo mu kinywa tangu mwezi wa tatu.

Iko ile moja Albertine aliipata kwa Mugreki wa duka. Ile yenye mwanamuke nusu samaki, anakalia jiwe mu bahari, nywele mpaka mu kiuno. Hesabu weye mwenyewe, Baba Mado. Mugreki alikwenda mwanzo wa mwezi wa pili, wakati serikali ilimunyanganya duka lake ikamupa mwana-inchi. Albertine akaleta ile picha mu nyumba. Ukaipigia musumari. Juma tatu zikapita, kichwa kikamuuma siku ine, tukamuzika. Dada yangu hakuwa mugonjwa-mugonjwa, unajua.

Mama Pélagie, jirani yako, alikuwa kati ya wale waligeuza picha. Alinivuta pembeni akaniambia ile ilikuwa nzito kupita zote, na alipoiacha mikono yake ilibakia na mayi. Kila muntu aliyekulia kando ya mutoni anamujua ule mwanamuke wa mayi. Anakupa kitu kizuri, halafu anarudia kubeba muntu. Ameshabeba mumoja. Unafikiri wa pili atakuwa nani?

Kwa hiyo usiniulize ipi ilikuwa wapi. Zichome. Mado hataingia mu nyumba yenye iko na ule mwanamuke ku ukuta. Si miye peke yangu nasema. Wazee wa kwetu walikaa juu ya ile maneno, na wote wamesema vile.

Dada yako mu sala,
Geneviève


Alunguli, 25 Agosti 1974

Shemeki,

Nimesoma. Nimesoma tena.

Pélagie mikono yake iko na mayi kila siku. Anauza samaki.

Sitachoma. Nakuambia sababu.

Mbili za kwanza zilitoka kwa Komanda, ule Mubelgiji wa mashua ya mutoni. Albertine alikuwa anamufulia nguo. Mwaka wa 60 Komanda anafunga masanduku, anamuambia Albertine: chagua vitu viwili ndani ya nyumba. Kulikuwa masufuria pale. Kulikuwa mashini ya kushona. Albertine akachagua picha mbili za mashua. Nilikasirika siku tatu. Mashini ya kushona, Geneviève.

Akanieleza vile Komanda alimufundisha. Hii haiko foto, alisema. Muntu anakamata kibati cha shaba, anakikwaruza na sindano, anamwanga dawa kali inakula pale sindano ilipita, anapaka wino, anakandamiza karatasi. Ule muntu alikufa zamani, pengine miaka mia mbili, na mukono wake ungali pale. Alinikamata kidole akakiweka ku kioo: ona, hapa sindano iliteleza, alichoka. Nikamujibu: na sisi tutashona na nini?

Mwaka wa 64, vita ya Simba. Watu walifungula nyumba za Wazungu. Wamoja walibeba frigo, wamoja radio, wamoja matela ya kulalia juu ya kichwa. Yeye alitoka na makaratasi mbili zenye kukanyagwa. Njia yote walimucheka mpaka ku mutumbwi. Moja ina alama ya kiatu hata leo, kati ya mawingu. Alisema haiharibu kitu, pale mvua inataka kunyesha.

Tatu zilitoka mu kitabu kimoja cha Mapadri chenye muchwa ilikula. Alikuwa anafagia sakristia, akaziomba mbele hawajatupa. Ya Mugreki alibadilisha na kuku mbili, jogoo na bibi yake. Kuku zangu.

Kila mwisho wa mwezi alizishusha zote. Anapangusa kioo na majivu, anaweka majani ya tumbako nyuma juu ya wadudu. Mado anamushikia kitambaa, na wanazungumuza, sijue nini. Miye nakaa inje. Ku kazi wananiita Komanda mpaka leo juu ya hiyo. Fortunat, tunabebaka magunia pamoja ku porti, anasemaka: Kitenge anashusha mashua siku yote, akirudia anakuta munane ingine zinamungojea nyumbani, na muke haruhusu azishushe. Watu wanacheka. Niliona haya. Sikumuambia Albertine hata siku moja kama picha zake ziko muzuri.

Hata mukubwa wa Chama ku mutaa alipita juma hii. Kwa nini mashua za Wazungu ku ukuta, picha ya Raisi iko wapi? Nikamuonyesha, iko juu ya mulango. Akaangalia kama imenyoka, akaenda.

Ile ya mwanamuke-samaki, kama inakuogopesha, nitaiweka kwa Fortunat. Zile saba zinabakia. Ulete mutoto.

Ningekuja kumukamata miye mwenyewe, treni iko. Lakini mutoto mwenye kubebwa na ndugu za mama yake mu kilio hakamatwi kama kuku. Mulimubeba na mukono, munamurudisha na mukono. Nikivunja ile, ushemeki wetu umekufa, na Mado hatakuwa tena na upande wa mama. Najua. Weye pia unajua. Usinifunge na ile.

Kitenge


Kibombo, 9 Septemba 1974

Baba Mado,

Barua yako ilinikuta mu shamba, niliisomea pale pale na jembe mu mukono. Naona unajua kuandika mingi ukitaka.

Shule imefungula. Nimemuandikisha mutoto hapa kwa Masista, sikutaka apoteze mwaka juu ya ubishi wetu. Jina Mado walilikataa, unajua sasa wanataka tu jina la inchi. Nikawapa Feza, jina la mama yetu.

Saba haitoshi. Zilikaa na ile ku ukuta mumoja, zilivuta pumuzi moja. Wazee wamekata shauri: zote munane zichomwe, Mama Pélagie aone kwa macho yake, anitumie habari. Siku ile nitapanda treni na mutoto.

Na niseme lingine, hata kama litakuuma. Nilihesabu barua yako ya mwanzo. Mutoto alipata mistari tano. Picha zilipata zaidi ya kumi. Ni muntu gani anaulizia makaratasi ya bibi yake kuliko mutoto wa bibi yake? Weye unatoka saa kumi na moja ya asubui unavuka mutoni, unarudia mangaribi na vumbi ya mahindi mu masikio. Nani atamusuka nywele? Nani atamuona akianza kuwa mwanamuke? Albertine alikuwa damu yangu mbele hajakuwa bibi yako.

Ukichoma, nitakuja. Usipochoma, aliye hapa yuko salama.

Geneviève


Alunguli, 15 Septemba 1974

Shemeki,

Nimechoma.

Jana, saa tisa ya mchana, nyuma ya nyumba. Moshi ilikuwa mingi. Pélagie alisimama ku lupango lake, mu uwanja wa nyumba yake, mpaka mwisho. Muulize.

Ukuta ni mweupe. Hakuna kitu.

Mutoto anaitwa Mado. Mulete.

Kitenge


Kibombo, 1 Oktoba 1974

Baba Mado,

Mama Pélagie alinitumia habari, na nilishika neno langu. Nilifunga mizigo. Nilitwanga mupunga wa kukuletea. Treni ilikuwa Jumamosi, na Ijumaa nikaita mutoto, nikamuambia: furahi, papa amechoma zile picha mbaya, sasa unarudia kwenu.

Alikuwa na sahani mu mukono. Aliiweka chini polepole, kama vile muntu anaogopa kuamusha mwengine. Akauliza: zote? Nikasema zote. Akauliza: na ile ya papa, ameichoma nayo? Nikamuambia papa hana yake, zote zilikuwa za mama. Akaniangalia, Baba Mado. Siku mingine anaangalia kama Albertine kabisa, unajua yale macho. Halafu akaenda kukaa mu ghala ya mupunga.

Leo siku ya kumi na moja. Hasemi. Uji anakula vijiko viwili, tatu, nikimushika kichwa. Shule Masista wamesema akae nyumbani kwanza. Mufungaji wa vidonda ku dispensere alimupima homa, hakuna. Edouard alimupelekea muwa, akamuuliza mwanangu unataka nini. Akageuza uso ku ukuta. Nikakumbuka vile tuligeuza zile picha, nikatoka.

Siwezi kumupandisha treni vile. Watu watasema nimemuloga.

Ile ya papa ni gani? Weye njo papa yake. Niandikie mbio. Niliomba moto, nimepata moto, sijue sasa wanauzima na nini.

Geneviève


Alunguli, 6 Oktoba 1974

Geneviève,

Sikuchoma.

Simama hapa. Musomee mutoto ile neno moja, halafu urudie kusoma.

Nilichoma mikeka ya kilio, na visanduku viwili vya sabuni, na mulango mubovu wa choo. Pélagie aliona moshi. Moshi haina jina. Picha nilizifunga mu magunia, nikavuka nazo asubui ya siku ileile, ziko ku porti mu depo, nyuma ya mahindi. Fortunat anazichunga. Zote munane, hata ya mwanamuke-samaki.

Nilidanganya juu mutoto arudie. Sikuwaza kama uwongo utafika kwake pia. Nilifikiri unaendaka kwa muntu moja tu, yule jina lake liko juu ya barua.

Ulisema naulizia picha kuliko mutoto. Mutoto nilijua atarudia. Nilikuwa nataka akirudia akute ukuta vile mama yake aliuacha. Sikuwa na kitu kingine cha kumupa. Ningepaswa kuandika ile mu barua ya kwanza, lakini niliandika ya misumari.

Sasa hivi sikaliki. Navuka asubui, navuka mangaribi. Nikifika, ukuta mweupe unaniangalia. Hata kofia haina fasi, naiweka chini. Nakula inje nimesimama. Fortunat anasema Komanda amepoteza mashua yake, na hacheki.

Ya papa, sijue. Kweli sina yangu. Kati ya zile munane niliipenda moja kidogo, ile ya porti yenye watu wanabeba mapipa ku bega, kwa sababu ule muchoraji alijua namna muntu anakunja shingo chini ya muzigo. Lakini sikumuambia muntu. Muulize Mado polepole. Sema papa anauliza.

Sasa uko na ukweli wote. Picha ziko, nilikudanganya, na ule mwanamuke wa mayi ni muzima. Kama unasema mutoto hatarudia tena, sema. Lakini umuambie kwanza.

Kitenge


Kibombo, 14 Oktoba 1974

Shemeki Kitenge,

Nilisoma neno lako pa mulango wa ghala, kwa sauti. Papa hakuchoma. Hakugeuka. Nikalirudilia. Akauliza, na sauti kama ya muntu mwenye kutoka mu homa: ameziweka na tumbako?

Nikasema sijue, ziko ku porti nyuma ya mahindi. Akasema: basi panya watakula, papa hajui kitu. Akatoka akaomba sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Alikula mpaka nikaogopa. Edouard alicheka, kikohozi kikamukamata, wote tukacheka.

Kesho yake tulikaa chini ya ukingo wa nyumba. Nilimuambia papa anauliza zilipangwa namna gani. Akakamata mawe, akayapanga kwa mustari, na kwa kila jiwe alinieleza. Si kwa ukubwa, si kwa miaka. Ni safari moja, Baba Mado. Mashua munane ni mashua moja. Mama yake alimuelezea mwisho wa kila mwezi, wakati wa kupangusa kioo, weye ukikaa inje.

Naandika vile alisema. Karibu na mulango ni ile ya miti tatu, watu wadogo wako kando na kofia mu mukono, kwa sababu inatoka, wanaiaga. Halafu ile upepo umeikataa, nguo zake zote za tanga zinainama kama mavazi ya kufua. Pale wanachoka na wanaanza kugombana. Inafuata ya samaki mukubwa, wanafikiri ni kisiwa. Inafuata ya wimbi, ile yenye kiatu mu mawingu. Wimbi linaivunja, njo maana inayofuata imelala upande na watu wanakwaruza tumbo yake, wanaiponyesha. Wakishapona, wanakutana na adui, ile ya moshi na mizinga. Halafu ule mwanamuke. Nilimuuliza, huyu hakuogopeshe? Alinicheka. Anasema yeye anakalia jiwe anahesabu nani amepona, apeleke habari kwa wamama yao. Kazi yake ni hiyo tu. Ya munane ni porti, ile unapenda, watu wanashusha mapipa.

Akaweka jiwe la tisa. Nikamuambia, hapana, picha ni munane. Akasema ya tisa haina picha. Ni musumari tu, kando ya dirisha. Njo ile ya papa. Mama alisemaka wanachora yenye iko mbali, na mashua ya papa haiko mbali, inafika kila siku mangaribi, ikifika inafungwa pale. Nilimuuliza inafungwa namna gani. Akasema papa anajua.

Sijue maana yake. Nimekuandikia vile vile.

Sasa miye. Wazee hawakukaa. Hata mara moja. Miye njo wazee.

Nina miaka arobaini na mbili na hii nyumba haijawahi kusikia muntu akiita mama. Tangu mwezi wa tatu iko moja anaita mama mukubwa asubui, anaita mama mukubwa mangaribi. Ule mwanamuke wa mayi, ukiniuliza leo, sijue kama nilikuwa namuogopa ao nilikuwa namuhitaji. Nilijua hutachoma. Niliandika choma kwa sababu nilijua. Halafu ukasema umechoma, na sikuwa na neno lingine la kukunyima.

Ku karatasi ya shule ni Feza Kitenge, ile siwezi kuibadilisha tena, serikali imeandika. Hapa nyumbani anaitika kwa Mado.

Sema siku. Nitamuleta na mukono.

Geneviève


Alunguli, 20 Oktoba 1974

Shemeki,

Picha zimevuka. Mutoto alisema kweli juu ya tumbako. Panya waliingia mu magunia. Saba ziko muzima. Ile ya mwanamuke, panya alikula kona yote ya chini, mukia umekwenda. Sasa ni mwanamuke tu, anakalia jiwe. Nilimuita Pélagie aone. Aliangalia mulefu, akasema huyu anafanana na dada mukubwa wake wa kule Tunda, akaomba chai. Nilimuambia pia kama sikuchoma. Akasema alijua, karatasi hainukake kama mulango wa choo.

Nimezipanga vile mawe yalisema. Nikatoka inje, nikaingia na mulango kama mugeni, nikatembea polepole kando ya ukuta. Wanatoka. Wanachoka. Wanavunjika. Wanapona. Wanafika. Miaka kumi na ine ilikuwa pale na miye nilikuwa naangalia sahani. Nilikaa chini kidogo. Leo nilikula ndani.

Ya tisa, najua.

Ule musumari ulikuwa kando ya dirisha, peke yake. Nikirudia na kazi, njo pale nilikuwa naweka kofia. Mara mingi nilisema: Albertine, weka picha pale ao nautosha, musumari wa bure unaharibu ukuta. Alijibu: uache. Na kila mara nikiweka kofia, yeye na Mado walikuwa wanaangaliana na kucheka. Nilifikiri wananicheka juu ya vumbi.

Niliutosha siku ya chokaa, pamoja na ingine. Nilikwaruza na kisu mpaka nikapata shimo lake. Nimepiga mupya mu shimo lile lile.

Mukuje Jumamosi ijayo. Nitakuwa ku kazi, Fortunat atawapokea ku gare ya treni na kuwavukisha. Musiningojee ku mayi, muingie mu nyumba. Na weye ulete nguo za kutosha. Chumba cha pili kiko, na Edouard aje na kikohozi yake mukimaliza kupanda. Uliuliza nani atamusuka. Miye sijue kusuka. Lile neno liliniuma kwa sababu ni la kweli.

Tumbako nimenunua. Atakayeiweka ni yeye.

Kofia sijaiweka. Narudia nayo ku kichwa mpaka ndani ya nyumba, nakula nayo, Pélagie anacheka. Musumari ungali mutupu. Nataka Mado akuwe ndani, asimame pale alikuwa anasimamaka na mama yake, aione inafika.

Kitenge